Mtaa Mzima Warithi, Shahidi Hakuna

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaohangaika kutuandalia gazeti letu la kila Ijumaa. Sisi huku hatujambo, ila mimi sijambo nusu. Nusu nyingine imeharibiwa na gazeti lako, ukurasa wa saba, ile safu ya ushauri wa kisheria inayoandikwa na mwanasheria wenu mwenye miwani.

Mimi ni fundi wa kufuli na kuchonga funguo, huu mwaka wa ishirini na nane, kibanda changu kimebanwa kati ya kinyozi na duka la rangi. Mali yangu haimchoshi mtu kuitaja: nyumba ya vyumba vitatu, kibanda, mashine ya kuchongea funguo, vikorokoro vya ufundi na vya nyumbani, na ngazi ya chuma. Mwezi uliopita nilianguka kutoka kwenye ngazi hiyo nikavunjika mfupa wa bega. Kaka yangu mkubwa alikuja kuniona hospitali, Mungu ambariki, lakini kwanza alipitia nyumbani kwangu na tepu ya kupimia, akaipima sebule huku mke wangu anamtazama, eti aone kama kabati lake litaenea. Huyo ndiye aliyemtoa mjane wa mdogo wetu ndani ya nyumba yake na godoro moja na pasi mbovu. Basi nikaogopa. Kufa siogopi sana, Ndugu Mhariri, naogopa lile kabati.

Ndipo nikasoma ushauri wa mwanasheria wenu: andika wosia, utiwe saini na mashahidi wawili, watu wazima wenye akili timamu, na shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu ndani ya wosia huohuo. Nikaandika siku ileile, kwa mkono mmoja, mistari minne: kila nilicho nacho apewe mke wangu. Nikajua nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kinyozi. Huyu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alipokea kalamu kwa furaha mpaka nilipomsomea lile sharti la mwanasheria wenu, akaiweka chini kana kwamba imemuunguza. Miaka kumi na moja anaazima ngazi yangu, na kumbe moyoni alishaifanya yake. Akaniuliza kwa sauti ya mfiwa, "Yaani hata ngazi?" Tangu siku hiyo ananinyoa kwa dakika tatu na poda hanipaki.

2. Mwalimu mstaafu. Nilimtegemea kwa sababu ya elimu yake. Aliusoma wosia wote, akausahihisha kwa kalamu nyekundu, akanipa arobaini na moja kwa mia. Kilichomuudhi hasa si mwandiko wangu. Ni kwamba alifika mwisho bila kujiona. Pembeni ameandika, "Jitahidi kuwakumbuka na wengine," kisha akakataa kusaini.

3. Mimi si mtu wa ugomvi, nikaona niwatulize. Nikaandika wosia mwingine: kinyozi apewe ngazi, mwalimu redio, zinazobaki mke wangu. Walifurahi mno, tukashikana mikono, na hapohapo wote wawili wakawa hawafai tena kuwa mashahidi! Mtaani kwetu neno halilali. Mwenye duka la rangi akaja na uso umemvimba, akitaka kujua amenikosea nini. Nikamwandikia nyundo. Muuza maji nikamwandikia baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, naye akaniuliza gurudumu nimempa nani. Leo wosia una kurasa tatu, mtaa mzima umo, na shahidi sina hata wa dawa.

4. Nikasema heri mgeni. Akaja mtu nisiyemjua kabisa kuchonga ufunguo wa geti. Nikamweleza, nikamsihi, saini tu, baba, uende zako. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwani mimi nimekufanyia nini mpaka usiniachie kitu?" Jamani! Hatujajuana hata robo saa. Nikamwongeza kufuli mbili, maana nilimwonea haya.

5. Aliyejitolea bila kuombwa ni mmoja tu, kaka yangu. Alifika na mwanawe mkubwa, kila mmoja na kalamu yake, wakasema wako tayari kusaini popote, mradi karatasi ikatunzwe kwake, ndani ya lile kabati. Fisi kuomba kazi ya kulinda bucha! Nilimshukuru kwa heshima zote anazostahili mkubwa wangu, nikamwambia bega linauma, tutaonana siku nyingine.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, Ndugu Mhariri, tena kwa unyenyekevu. Mwanasheria wenu aondolewe ukurasa wa saba, apelekwe kwenye utabiri wa hali ya hewa, ambako akitukosea tunalowa tu. Wakubwa wanaotunga sheria waambiwe kwamba shahidi naye ana moyo, aruhusiwe kupata japo kitu kidogo kisichozidi ngazi. Na hao wakikosa nafasi, basi gazeti lako linitumie wafanyakazi wawili wasionijua, ikiwezekana watu wasionipenda kidogo, waje wasaini na kuondoka bila kunywa chai. Mtu akishakunywa chai kwangu nashindwa kumnyima. Wewe mwenyewe nilitaka kukuandikia saa yangu ya ukutani kama shukrani, nikajizuia nisije nikakupoteza na wewe.

Nisalimie mlinzi wa getini, dada wa mapokezi, wapiga chapa na madereva wenu. Na mwanasheria pia msalimie, ugomvi wangu ni na sharti lake.

Ni mimi, mwenye mali chache na warithi wengi,

Fundi Kufuli

Nyongeza: Nikitafuta bahasha ya barua hii nimeikuta ile karatasi yangu ya kwanza, ya mistari minne na wino mwekundu wa mwalimu. Ina saini mbili! Moja ni ya kinyozi. Mke wangu alimfuata akampa achague: asaini, au ngazi irudi leo na isitoke tena. Ya pili ni ya mke wangu mwenyewe. Nimemuuliza kama hakulisoma lile sharti. Anasema ile safu huisoma kabla yangu, na kwamba amechoka kuniona nikizunguka na bega bovu nikiwabembeleza watu. Mtaa mzima umekataa kukosa ngazi na redio, Ndugu Mhariri, na aliyekubali kukosa kila kitu ni yule niliyemwandikia kila kitu. Nimekaa kitini, machozi yananitoka, barua naimalizia hivyohivyo.

Kwa hiyo lile ombi la kwanza lifute. Mwanasheria asiguswe. Abaki ukurasa wa saba, ikibidi mpeni na wa nane, anijibu Ijumaa hii hii: je, kwa saini hiyo mke wangu amejitoa, au naruhusiwa kuandika karatasi nyingine upya? Wale wafanyakazi wawili bado nawahitaji, na chai watakunywa baada ya kusaini. Nilipomwambia mke wangu kwamba nikifa leo lile kabati linaingia sebuleni, alinijibu, "Basi usife mpaka gazeti litoke," akaenda kuanua nguo. Nami sina desturi ya kumbishia, kwa hiyo tafadhali msichelewe.