Moshi wa Simba wa Magindu

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Misugusugu.

Amri imeshuka! Gari linalotoa moshi mweusi halitapita. Koplo wa trafiki atasimama juu ya kilima cha Kisarawe na kitambaa cheupe, akiweke nyuma ya ekzosi. Kitambaa kikiwa cheusi, safari imekwisha. Na Jumamosi ndipo mimi, Athanas, mjomba mtu, nampeleka Honorata, binti wa dada yangu, akafunge ndoa Kisarawe. Kwa lori langu, Simba wa Magindu! Lori lililovuta treni nzima mwaka ule wa mafuriko ya Ruvu. (Mashahidi wote wamehama.)

Fundi Mbaraka kafungua boneti. Kasema ni nozeli tu, za kunyunyizia dizeli, zimechafuka, nimwachie asubuhi moja azisafishe. Nikamjibu kwamba mimi sisafishi injini kwa kumwogopa koplo. Leo nozeli, kesho wataniambia nivue viatu nikipanda gari langu!

Jumanne, 6 Agosti.

Nimeunda Umoja wa Wenye Malori Wasiotaka Kitambaa. Mwenyekiti, mimi. Mwanachama, Silvanus. Huyu ana lori pia, na simpendi tangu alipolipaka rangi ileile ya Simba, lakini shida ni yetu sote.

Tumekwenda kwa katibu wa tawi. Nimehutubia! Moshi hufukuza mbu. Moshi ni dalili ya injini iliyoshiba. Malori yakizuiwa, mihogo itaozea Magindu, na taifa atalijenga nani? Silvanus kaitikia kwa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Katibu akauliza, kama moshi ni mtamu hivyo, mbona naendesha vioo vimefungwa. Swali la uchochezi.

Jumatano, 7 Agosti.

Msaliti! Nimemkuta Silvanus kwa Mbaraka, nozeli zake zimelala kwenye karai la mafuta ya taa kama dagaa. Kacheka. Ati bado yuko nami katika umoja, ila maharusi wakihitaji lori lenye mapafu, niwaelekeze kwake. Nimemfukuza uanachama. Sasa umoja una mwenyekiti peke yake. Maamuzi yatapita upesi.

Jioni kaja Honorata, shikamoo mjomba, nami marahaba. Kasema hana makubwa. Gauni lifike jeupe, na mimi nimshike mkono kuingia kanisani, maana baba yake hayupo tena duniani. Nimeapa. Nikapangusa macho. Ni ule moshi.

Ijumaa, 9 Agosti.

Akili imefunguka! Mke wangu Redempta ameshona godoro la bibi harusi, zawadi yetu. Sufi tupu, kaichambua mbegu zote kwa vidole vyake. Nikalitazama nikajua: sufi ni chujio! Moshi mweusi ukipita humo, utatoka mweupe. Nimesoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne nimelisoma mara mbili, mambo haya hayanishindi.

Redempta alipokwenda kuchota maji, nimefumua kona. Kiganja tu. Halafu kingine. Halafu likajaa gunia. Godoro nimelijaza majani makavu ya mgomba, nikashona vizuri kabisa. Linalia kidogo likiguswa.

Jumamosi, 10 Agosti.

Naandika kwa mkono wa masizi.

Chini ya kilima nilisimama, nikadanganya nakagua tairi, nikashindilia sufi yote ndani ya ekzosi kwa mchi. Tukapanda. Simba akakohoa, kisha akalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Kina mama kule nyuma, kando ya godoro la zawadi, wakaacha kuimba. Lakini tulifika kwa koplo bila uzi wa moshi! Koplo akanisifu, hongera mzee, gari limetunzwa. Akainama na kitambaa, akaomba nikanyage mafuta.

Nikakanyaga. Kwa fahari!

Mshindo! Sufi nzima ikafyatuka, nyeusi tii, ikapaa juu, ikashuka polepole juu ya koplo, juu ya kina mama, na niliposhuka, juu ya suti yangu. Koplo akabaki macho na meno. Redempta akaokota kishungi, akakitazama, akaligeukia godoro, akalibonyeza. Kra! Kisha akanitazama mimi.

Simba kazuiwa hapohapo. Nyuma yetu, honi. Silvanus! Nikakimbilia mlango wa Simba kumwomba radhi Honorata. Kumbe kavaa khanga. Gauni lilitangulia jana, kwa lori la Silvanus. Nikauliza kwa nini. Akasema, mjomba, nakupenda, lakini nakujua pia.

Na bado akagoma kuondoka bila mimi. Nikapanda lori la msaliti, nyuma, juu ya godoro. Kra, kra, mpaka kanisani. Nimemwingiza, nimemshika mkono kwa leso ili nisimpake. Gauni lilikuwa jeupe! Ahadi nimetimiza. Andika hilo.

Jumapili, 11 Agosti.

Redempta amewapa maharusi godoro letu. La majani nimelilalia mimi. Nikigeuka, mtaa wote unajua.

Simba atapimwa tena Jumatano. Mbaraka kapita, kasema nozeli bado ni kazi ya asubuhi moja. Nimemwambia asijisumbue, kosa nimeshaligundua: sufi ilikuwa kavu. Ya Jumatano nitailowesha kwanza.

Mto wa Redempta nimeubonyeza. Umejaa sufi vizuri.