Kotatsu kwa Maua ya Mama Mkwe

Jumapili, 6 Desemba
Sadae kaondoka na treni ya asubuhi kwenda Sendai kumsaidia binti yetu Chinami, aliyejifungua. Atarudi katikati ya Januari. Kaniachia kazi moja tu: shakuyaku, mmea wa maua makubwa alioupanda marehemu mama yake. Nikate mabua, nifunike shina kwa majani makavu ya mpunga, basi. Kila Mei ua lake la kwanza huwekwa mbele ya picha ya mama. "Baba Chinami," kasema, "ukiliua hili sijui nitakuambia nini." Kalisema kwa upole. Ndiyo maana naogopa.

Ila kufunika shina ni kazi ya kuinama, na mimi si mtu wa kuinama. Jirani yetu Bi Isogai, mjane, anainama vizuri sana. Maua yake yote yameshavalishwa kofia za majani, yamejipanga mstari kama watoto wa chekechea. Majigambo matupu. Lakini nimepata mpango.

Jumatatu, 7 Desemba
Nimepita mbele ya lango lake nimeshika kiuno, naguna. Nikarudi. Nikapita tena. Hatimaye akatoka. Nikamwambia mgongo umegoma, na maua ya Sadae nayo yanangoja. Nilitegemea achukue kamba na majani. Kachukua plasta za dawa! Kasimama pale mpaka nikazibandika zote, akanipa na achari ya figili, akasema pole Mzee Kuwabara, maua yatasubiri upone. Mgongo unawaka kama umepakwa pilipili. Hauumi, lakini unawaka.

Alhamisi, 10 Desemba
Theluji ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye kotatsu, miguu kwenye hita chini ya meza, blanketi kiunoni, namenya machungwa. Akili ikafunguka. Mimi nastarehe, ua linatetemeka nje. Kwa nini? Majani ya mpunga ni mambo ya zamani. Mimi nina umeme.

Nimeitoa kotatsu bustanini, meza na blanketi na yote, nikaisimamisha juu ya shakuyaku. Turubai juu. Waya dirishani. Mwanga wake mwekundu kwenye theluji unapendeza mno.

Jumapili, 20 Desemba
Matatizo madogo. Paka wa mtaa mzima wamehamia humo. Halafu kotatsu ilikuwa hiyo hiyo moja, na sasa ndani ya nyumba nikipumua natoa moshi. Leo nimeshindwa. Nimevaa koti, nikachukua mwavuli, nikaenda kuingiza miguu kule pamoja na paka. Raha.

Ndipo Bi Isogai akaja na ubao wa matangazo ya mtaa unaozungushwa nyumba kwa nyumba, zamu yangu kuusoma. Kanikuta kwenye theluji, mwavuli mkononi, paka mapajani. Kauliza kama mgongo bado. Nikasema bado. Akauangalia waya, akasema hayo maua hulala kwa baridi, Mzee, ukiyapasha moto yataamka kabla ya wakati. Wivu huo. Watu hawapendi kuona maendeleo kwa jirani.

Ijumaa, 1 Januari
Machipukizi! Mekundu, manene, kama vidole vya mtoto. Ya Bi Isogai bado yamelala ndani ya vikofia vyao. Nimepiga picha nikamtumia Chinami amwonyeshe mama yake. Sadae kapiga simu. Kauliza nimeyafanya nini. Nikamweleza kwa fahari. Kasema baridi kali inakuja, yatakufa yote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, umeme upo.

Jumanne, 5 Januari
Umeme haupo. Theluji imeangusha nyaya tangu jana. Machipukizi yamekuwa meusi, ukiyagusa yanateleza kama mchicha uliopikwa sana. Nikachimba. Mzizi wenyewe umeoza, kwa lile vuguvugu na mikojo ya paka. Nimelia kidogo. Sikumlilia mama mkwe, hakuwahi kunipenda. Nimemlilia Sadae, atakapokaa mbele ya ile picha mikono mitupu.

Jumamosi, 9 Januari
Bi Isogai kaja na chungu cha maua. Kumbe zamani Sadae alimgawia kipande cha shakuyaku ile ile, naye msimu wa majani kupukutika alikigawa tena akaweka akiba. Ni ua la mama yule yule. Kanishika mkono. "Mzee Kuwabara, nakuomba, usilifanyie kitu chochote. Liache nje. Linataka baridi. Lisipopata baridi halitoi ua." Nimeinama mpaka paji la uso likakaribia kizingiti. Nilimshukuru kwa moyo wote, nakiri.

Linataka baridi. Sasa nimeelewa kosa langu lote. Lakini leo jua limetoka, theluji inadondoka kutoka paani. Baridi ya nje haiaminiki kabisa, leo ipo kesho haipo. Umeme umesharudi, basi nimeutoa mzizi chunguni, nikauosha vizuri, nikaufunga kwenye mfuko, nikauweka kwenye friza katikati ya samaki, na swichi ya baridi nikaizungusha mpaka mwisho. Mei, Bi Isogai atakuja mwenyewe kuniuliza siri. Sitamwambia.