Taa ya Choo cha Soko la Mogogosiek

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mkutano wa kamati ya soko. Bonareri, mama wa mboga, ameteleza tena katika choo cha wanawake. Kiwiko kimefura. Wateja wake ni wachumaji wa majani chai. Wanakuja giza likishaingia. Lazima taa iwekwe. Onchiri wa duka la vifaa vya ujenzi akasema iwe juu kabisa, ndani ya kifuniko kisichopitisha maji, na wavu wa chuma kuzuia wezi wa globu. Wote wakaitikia. Onchiri! Na sisi wawili ndio tunaotaka uenyekiti! Nikasimama, nikasema mimi Kipkosgei nitaleta taa nzuri zaidi. Bure! Makofi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeweka globu nyekundu. Mwizi gani atataka mwanga mwekundu kwake? Jioni wanaume wakajazana mlangoni wakiuliza kama bia ni baridi. Bonareri aliwafukuza kwa ndoo ya maji, kisha akaniuliza mbele ya watu nimefungua biashara gani. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerekebisha. Nimening'iniza taa ya sebule yetu, ile ya vioo vya maua. Nimeishusha sana ili mwanga ufike sakafuni. Mke wangu Chepkemoi akauliza kama sisi tutakula gizani. Nikamwambia uongozi ni kujitolea. Akasema basi nijitolee kupika. Onchiri alichungulia, akasema polepole kwamba mtu mrefu ataigonga. Wivu!

Ijumaa, 7 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.
Jioni, kishindo. Vioo vikamwagika, giza. Mwanamke akalia ndani kwamba haoni mlango. Watu waliogopa umeme, hakuna aliyesogea. Nafasi yangu! Nikazima swichi, nikaingia, nikamshika kiuno, nikamtoa mpaka kwenye mwanga wa duka la Onchiri. Nikamtazama.
Mama mkwe!
Alikuwa amefika kutoka Fort Ternan kututembelea, akapitia choo cha soko kwanza. Mama mkwe, ambaye hata kiti chake sikisogelei! Nimemkumbatia, tunatoka chooni, soko zima linatazama! Paji la uso linavuja damu. Alijifunika uso kwa leso. Mimi sikuwa na leso. Ndipo Onchiri akazima taa ya duka lake ili tusionekane. Huruma hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe amerudi kwao. Alimwambia Chepkemoi anisalimie, lakini kwa mbali. Jana Onchiri alifunga chooni ile taa yake ya wavu, juu kabisa. Bonareri aliingia, akatoka akisema sasa anaona hata mende. Makofi. Nilipiga pia, macho chini.
Leo mchungaji ametangaza kwamba kanisa linatafuta mtu wa kuweka taa kwenye kisima cha ubatizo. Watu wakamgeukia Onchiri. Bahati nzuri nilikuwa nimekaa mbele, nikawahi kuinua mkono. Hawa wengine wangeitundika ukutani tu. Mimi nitaizamisha majini kabisa, mchungaji ang'ae kutoka chini!