Salamu za Bi Nasra kwenye Redio ya Intaneti

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, na wala hajawa mama mkwe bado. Nimetoka huko sasa hivi. Nawaandikia, rafiki zangu, kutoka kafe nyingine kabisa, maana ile ya Mlandege sirudi leo wala kesho.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Huenda mmoja wenu akanifahamisha, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijafahamu.

Mnajua napenda rege. Mnajua pia kwamba mimi si mtu wa kukaa pahala pamoja. Shule niliiacha darasa la sita, nikapaka rangi nyumba za watu, nikauza kaseti Darajani, nikawapeleka watalii Jozani kutazama kima punju (kima wanatazama watalii, mimi nawatazama wote). Siku hizi nimetulia kidogo kwa sababu mbili. Moja ni Raya, ninayetaka kumuoa. Ya pili ni kompyuta ya pembeni kwenye kafe ya Makame, pale Mlandege, ambayo inapata redio za rege za ng'ambo kupitia intaneti. Muziki unakatika, unasubiri, unarudi. Mimi nasubiri nao.

Redio ninayoipenda ina mtangazaji anaitwa Delroy. Sauti nzito, ya taratibu, kama mtu aliyetoka kula sasa hivi. Nikifungua alasiri, anasema, "Asubuhi njema, wapenzi wasikilizaji." Nikifungua baada ya Isha, asubuhi njema. Siku moja nikadamka makusudi, nikamfungua asubuhi. Akasema asubuhi njema. Nikajisemea, kweli dunia ni pana.

Mwezi uliopita nikamwandikia barua pepe, kwa Kiingereza cha kamusi. Sijainua hata mkono kwenye kompyuta, jibu likaja: asante rafiki kwa ujumbe wako, tumeupokea, tumefurahi, endelea kutusikiliza, hasa Jumamosi. Nilibaki nalitazama. Huku kwetu ukipeleka kadi ya salamu redioni, unangoja mpaka unasahau uliowasalimu. Huyu wa ng'ambo kanijibu papo hapo, na kaniita rafiki.

Basi tukawa tunaandikiana. Namuuliza kaamkaje, ananijibu asante rafiki, ujumbe umefika, Jumamosi. Namuuliza miguu ya mama yake inaendeleaje (nilikisia tu kwamba ana mama, na mama wa umri ule hakosi miguu ya kumsumbua), ananijibu asante rafiki, ujumbe umefika, Jumamosi. Maneno yale yale, hata nukta haikuhama. Nikaona huyu ni mtu asiyebadilikabadilika, na watu hao wamekuwa wachache.

Sasa Bi Nasra. Ni mama yake Raya, anakaa Kikwajuni, na ni bingwa wa salamu za redio. Kipindi cha salamu kikianza, nyumba nzima inanyamaza. Jina lake likisomwa, mtaa unajua. Wiki iliyopita alinikuta barazani kwake.

"Shikamoo, Bi Nasra."

"Marahaba. Wewe kijana, kazi yako nini hasa? Leo nakusikia Jozani, kesho nakusikia Nungwi."

Nikaona niseme la maana. "Nna rafiki yangu mtangazaji, Bi Nasra. Redio ya ng'ambo."

Akaizima redio yake. Sijawahi kumwona akiizima.

"Anasoma salamu?"

"Za kwangu atasoma."

"Basi nisomwe huko. Nikisomwa, lete wazee wako tuzungumze habari ya Raya. Nisiposomwa, usipite tena mlangoni kwangu na hiyo mawani yako ya jua."

Siku ile ile nikamwandikia Delroy salamu za kweli, kwa mtindo wa kwetu: zimfikie Bi Nasra wa Kikwajuni, binti yake Raya, jirani yao Bi Kidawa, na wote wanaonijua na wasionijua. Jibu: asante rafiki, tumeupokea, Jumamosi. Nikaenda kunyoa.

Leo ndiyo Jumamosi. Baada ya alasiri Bi Nasra akaingia kafe na buibui jipya, ananukia udi. Nyuma yake Raya, na nyuma ya Raya Bi Kidawa, aliyeletwa awe shahidi. Makame akachomoa hedfoni, akachomeka spika, akawapa viti. Nikafungua redio. Rege ikaanza.

Bi Nasra akasikiliza kidogo. "Mbona muziki wenyewe unachechemea?"

"Ndo rege hiyo, Bi Nasra."

"Ipelekwe hospitali."

Wimbo ukaisha, Delroy akaingia: asubuhi njema. Raya akatafsiri.

"Asubuhi ya wapi? Watu wameshasali alasiri," akasema Bi Nasra.

"Kwao ndo asubuhi," nikasema. Nilisema kama mtu aliyewahi kufika.

Tukangoja. Wimbo, wimbo, asubuhi njema, wimbo. Salamu hakuna. Bi Kidawa akainamisha sikio. "Huu si ule tuliousikia tulipokaa tu?"

Bi Nasra akasema, "Mwandikie. Mwambie mwenyewe nshafika, namngoja yeye."

Nikaandika. Jibu likaja hapo hapo, Raya akalisoma: asante rafiki, tumefurahi, Jumamosi.

"Ana adabu," akasema Bi Nasra. "Lakini Jumamosi si ndo leo? Muulize atanisoma saa ngapi."

Asante rafiki, tumefurahi, Jumamosi.

Bi Nasra akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Muulize ana wake wangapi."

Asante rafiki, tumefurahi, Jumamosi.

"Mwambie ni mwongo, na sauti yake kama mlango usiotiwa mafuta."

"Bi Nasra, huyu rafiki yangu."

"Raya, andika wewe."

Raya akanisogeza, akaandika. Delroy akashukuru. Akafurahi.

"Anatukanwa na anafurahi," akasema Bi Kidawa. "Kijana, rafiki yako ana akili timamu?"

Hapo Makame akainua kichwa mezani kwake. "Jamani, hiyo inajibu mashine. Ukiandika lolote inakupa hayo hayo. Na redioni hapo saa hizi hamna mtu, wametia nyimbo zinazunguka. Mimi nilidhani anajua."

"Na Delroy?" nikauliza.

"Karekodi sauti yake siku nyingi huyo. Yuko kwake."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikauliza kitu ambacho kilikuwa kinaniuma kweli. "Sasa miguu ya mama yake?"

"Miguu gani?" akasema Bi Nasra.

Raya akapandisha juu barua zetu, akaanza kuzitafsiri kwa sauti. Umeamkaje, kaka. Mvua huko vipi. Mama asiitie miguu maji ya baridi. Ukichoka na kazi njoo Unguja, chumba changu kidogo lakini tutabanana. Kila barua, na asante yake. Bi Kidawa alikuwa keshajifunika uso na ukaya, mabega yanatikisika. Wateja wote wa kafe wamegeuza viti. Nilitamani umeme ukatike. Siku zote unakatika, leo ukakataa.

Raya alipomaliza, Bi Nasra hakucheka.

"Ulikuwa ukimuuliza kila siku?"

"Naam."

"Na yeye hajakuuliza hali hata mara moja?"

"Hajaniuliza."

"Hukuchoka?"

"Nilidhani ana kazi nyingi."

Akalitengeneza buibui lake polepole. "Marehemu baba yake Raya, Mungu amrehemu, nimeishi naye mpaka anakufa. Miguu hii hajaiuliza siku moja." Akainuka. "Lete wazee wako. Lakini huo muziki unaochechemea, nyumbani kwangu hauingii."

Wakaondoka. Kicheko cha Bi Kidawa nimekisikia mpaka kikaishia Darajani. Raya aligeuka mara moja, sijui alikuwa akicheka au akilia. Makame akaniuliza kama naendelea au afunge kompyuta. Nilikaa pale nikijaribu kujua kama nimekubaliwa au nimehurumiwa, na kama kuna tofauti.

Kwa hiyo naomba asicheke mtu. Ila anayemjua mzee wa heshima anayeweza kwenda kuniposea bila kuuliza nimekubaliwa kwa lipi, aniandikie haraka.