Minyoo ya Elfu Tisini

Watu wengine huzaliwa. Clifford Oketch alizinduliwa! Angalau hivyo ndivyo alivyotembea pale Chepilat: kifua mbele, viatu vinang'aa, na kitambulisho cha kliniki kikining'inia shingoni hata Jumapili kanisani. Kitambulisho kilisema "Karani wa Malipo". Ukimuuliza mwenyewe, yeye alikuwa Mkurugenzi wa Mageuzi ya Fedha za Afya, Ukanda Wote wa Majani Chai.

Ukweli usemwe, kliniki ya Madam Rebeccah ilihitaji mageuzi. Mgonjwa alipanga foleni ya kadi, akapanga ya daktari, akapanga ya maabara, akafika dirisha la malipo akiwa mgonjwa kuliko alivyokuja. Ndipo akaambiwa bei! Na hapo ilianza ile kazi tunayoijua sote: binamu fulani anafungua group ya WhatsApp, "Bill ya Shangazi", anaingiza ukoo mzima, wawili wanatuma pesa, ishirini wanaandika "Amina", na waliobaki wanatoka kimyakimya.

Clifford akaona mwanga.

"Kwa nini mgonjwa asumbuke kutafuta binamu? Kompyuta itakuwa binamu!"

Akaunda mfumo, akaubatiza Ukoo Pay. Bill isipolipwa, mfumo wenyewe unafungua group, unaingiza jamaa za mgonjwa, unataja ugonjwa, unatangaza bei na namba ya kutuma pesa. Kazi ya mgonjwa ni kupona tu. Na group haifutiki mpaka deni liishe, maana Clifford aliwajua Wakenya.

"Na siri ya mgonjwa je?" akauliza Molly, nesi wa zamu.

"Sista Molly, mtu atachangia vipi ugonjwa asioujua? Uwazi!"

Molly akaendelea kukunja bandeji zake.

Sasa msidhani kijana alikuwa anawahangaikia wagonjwa pekee. Wapi! Alikuwa anamhangaikia Chelimo, mwalimu wa nasari, msichana ambaye akicheka hata Clifford husahau kujisifu. Chelimo alikuwa ameshakubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Kimeli, mwenye chai yake na ng'ombe wake wa maziwa, ambaye hakuwa na uhakika kama huyu mtoto wa laini, zile nyumba za vibarua wa kiwanda cha chai, anaweza kulisha mtu. Clifford alikuwa amemwapia kwamba kliniki nzima inasimama kwa mfuko wake. Wazee wa Clifford walikuwa wanatarajiwa kwa Mzee Kimeli Jumamosi, kuongea mahari.

Ijumaa asubuhi Clifford akaamua kuujaribu mfumo.

"Nitaanza na mimi mwenyewe," akamwambia Molly. "Jenerali hutangulia vitani!"

Akajisajili kama mgonjwa. Mfumo ukauliza ugonjwa. Akabonyeza wowote bila kutazama. Ukauliza bei, akaandika elfu tisini, maana hajawahi kuwa mtu wa vitu vidogo. Ukaomba ruhusa ya kutumia namba zilizo kwa simu yake. "Ruhusu zote!" Kisha akaacha simu kwa chaji, akavuka barabara kwenda kunywa chai na mandazi.

Aliporudi, simu ilikuwa inatetemeka mpaka imejisukuma ukingoni mwa meza.

BILL YA CLIFFORD OKETCH. UGONJWA: MINYOO. BEI: 90,000. MGONJWA HARUHUSIWI KUTOKA.

Mama yangu! Ndani walikuwepo wote. Mchungaji, kinyozi, mwenye nyumba, walimu wake wa zamani, na Maxine aliyemwacha mwaka juzi.

"Minyoo ya elfu tisini?" aliandika kinyozi. "Kwani ni minyoo ama ni chatu?"

"Tumwombee ndugu yetu," aliandika mchungaji.

"Kumbe ndiyo maana rent imechelewa. Pole sana," aliandika mwenye nyumba.

"Mimi nilijua tu," aliandika Maxine. "Alikuwa anakula kama tingatinga na haongezi hata kilo."

Na chini kabisa, neno moja kutoka kwa Mzee Kimeli: "Nakuja."

Clifford akaikwapua simu. Akajaribu kufuta group. Haifutiki! Madam Rebeccah naye akatoka ofisini mbio, uso unameremeta.

"Clifford! Pesa zinaingia! Mfumo unafanya kazi!"

"Madam, mimi si mgonjwa. Nilikuwa najaribu tu!"

Madam akaacha kumeremeta. "Ukiwaambia hivyo, watasema mimi ni tapeli. Na wa kwanza kupelekwa kituo cha polisi ni wewe. Pesa yao tutarudisha polepole. Lala!"

Kabla hajajibu, kilio kikasikika getini. "Yawa! Nyathina! Mwanangu!" Alikuwa mama yake, na kwaya nzima ya laini nyuma yake. Nyuma ya kwaya, Mzee Kimeli na gumboots zake za shambani, na Chelimo amebeba mtungi wa maziwa.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza Mzee, akimwona Clifford amesimama wima.

Clifford akamtazama Madam. Akatazama mlango. Mlango ulikuwa umejaa kwaya.

"Ni mimi, Mzee," akasema kwa sauti ya kifaranga, akapanda kitandani na viatu vyake.

Molly akaja na kidonge. Kimoja tu, cha kutafuna. Clifford akakitafuna watu wakimtazama, na soprano mmoja akapiga makofi.

"Lakini hiyo dawa," akasema Chelimo taratibu, "si ndiyo ile tunawapa watoto wa nasari? Bure?"

Makofi ya soprano yakakatika.

"Hii yangu ni... minyoo ya kutoka nje," akasema Clifford.

Chelimo akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Clifford hakujua kama analia au anacheka, na aliomba Mungu iwe kulia.

Mzee Kimeli akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Clifford zaidi.

"Weri, kijana wangu," akasema, "mimi nimetuma yangu, na sitaki unirudishie. Ugonjwa si makosa. Lakini kesho wazee wako wasikuje. Msichana wangu ni mmoja, na wewe uko na jeshi ya kulisha huko ndani."

"Mzee, nitapona! Hata sasa nasikia nimepona!"

"Basi ni vizuri. Utaenda hospitali ingine upimwe choo. Mimi nitatuma wazee wawili wakae nje ya mlango, washuhudie. Majibu ikikuja safi, tutaongea mahari."

Akavaa kofia, akamshika Chelimo mkono, akafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Na hiyo ya kupima, weri, lipa cash. Usituweke kwa group."