Hotuba ya Asali kwa Baba Mkwe

Jumatano, 5 Juni

Nilimwambia Skaistė, baba yako atanipenda tu! Akacheka. Akicheka, Lithuania nzima inawaka taa. Mke wangu! Bado naandika neno hilo nikitabasamu kama zuzu.

Tatizo ni baba mkwe, Mzee Alfonsas. Ana mizinga ya nyuki, na ana marafiki wa nyuki, wale anaogawana nao makundi na asali kama ndugu wa damu. Mimi ananiita "yule kijana". Nataka kuwa mmoja wao!

Mpango: Jumapili mezani, hotuba juu ya neno letu la Kilithuania *medus*, asali. Warusi wanasema *myod*. Watu wa Welisi *medd*, kwao ni pombe. Wagiriki wa kale *methy*, divai! Hitimisho langu mwenyewe: Ulaya nzima imetuibia.

Jumapili, 9 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Nilisimama, glasi mkononi. Nilipofika kwenye wizi, kaka yake Skaistė, Tauras, akadakia: "Shemeji, polisi wana habari?" Meza nzima ikaangua kicheko. Mzee akaeleza kwa upole kwamba hakuna aliyeiba. Maneno hayo ni ndugu, mama yao ni neno moja lililosemwa kabla watu hawajajua kuandika. Wengine wakabaki na asali, wengine na ulevi wake.

Bora ningekaa chini! Badala yake nikatoa pochi. Nikasema nanunua mzinga mmoja, Mzee ataje bei.

Mama mkwe akaacha kupakua supu. Nyuki hawanunuliwi kwetu! Hugawiwa, au kundi huhama lenyewe likatua kwako, na mwenye nyuki akawa rafiki yako wa maisha. Nilimtaka mzee aniuzie undugu. Nami najua hayo tangu utotoni!

"Rudisha pochi, kijana," akasema. "Tunakula."

Skaistė aliangalia sahani yake tu. Ningeweza kuingia chini ya meza.

Jumanne, 11 Juni

Skaistė amenisamehe! Amenibusu kwenye paji! Baba yake hana kinyongo, amesema, "Mwambie aje, ale, anyamaze." Kundi moja la nyuki wake liko karibu kuhama. Likitua kwetu kwa hiari yake, nimekuwa rafiki. Nisiguse chochote.

Nimeelewa kabisa. Nimepaka sanduku asali ndani na nje, nitalificha nyuma ya uzio wa Mzee, kundi livutwe litue humo. Na kwa kuwa mezani watakuwa kimya kunisubiri, nimeandaa hotuba nyingine, ya neno divai. Ndefu kidogo.

Nimempigia simu Mzee mwenyewe: baba, tunakuja kabla mwezi huu haujaisha!