Mgongo wa Joto wa Friji ya Jeshi

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Makubwa! Lori la jeshi limeteleza kwenye matope, hapa hapa Nyamitaba, likalala ubavu. Limebeba friji kubwa kuliko nyumba yangu. Lilikuwa linaelekea Buleusa kupitia kwetu. Ndani mna dawa za askari na chanjo ya surua ya watoto wetu, akiwemo Umwali, mtoto wa dada yangu Astrid. Lori likainuliwa, likavutwa hadi uwanja wa kanisa. Luteni Darius akauliza nani ni fundi wa friji. Séraphin, fundi wa pikipiki, alianza kufungua mdomo. Nikamuwahi. Kazi yangu ni jibini, lakini fundi wa jeshi huvaa beji. Séraphin atanisalimu wa kwanza!

Jumanne
Tathmini. Nimegonga, nimesikiliza, nimenusa. Kizimba cha feni kimebonyea. Nilimruhusu Séraphin akinyooshe, kisha apake mabomba maji ya sabuni. Hakuna lililotoa mapovu, kwa hiyo gesi haijavuja. Mimi nilitikisa kichwa kwa uzito. Mashine ikanguruma. Baadaye mlango ukafunguliwa na pumzi yangu ikatoka nyeupe. Mungu wangu! Baridi ya kilele cha mlima, ndani ya sanduku la bati! Nilivua kofia. Muuguzi, Mama Joséphine-Marie, aliniomba nifunge mlango.

Jumatano
Ajabu juu ya ajabu. Friji inapumua joto mgongoni! Joto safi, la bure, linapotea hewani! Nami kila asubuhi nachoma kuni kupasha maziwa ya jibini. Nimepanga ndoo zangu mgongoni pake, nikazifunika kwa mablanketi mawili, bila kuacha hata kitundu. Luteni aliuliza ni nini. Nikamwambia ni matibabu. Amenipa beji! Ya kartoni, lakini beji. Séraphin amenisalimu wa kwanza.

Alhamisi
Maziwa yameganda vizuri mno. Mashine imezimika.
Mama Joséphine-Marie alikuja mbio. Ndani joto linapanda, na likipita nyuzi nane chanjo imekufa. Nyingine haipo Masisi yote. Akina mama walikuwa wameshapanga foleni, Astrid mbele, Umwali mgongoni. Nilimweleza Luteni kwamba mashine haijazoea milima yetu. Séraphin akazunguka nyuma, akainua blanketi.
"Kaka Hilaire, iko inapumulia apa. Umeiziba pua!"
Tukabeba ndoo sote, hata Luteni. Ikaachwa ipoe kidogo, Séraphin akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Ikanguruma! Mshale wa kipimajoto ukasimama karibu kabisa na nane, ukaanza kurudi. Nilipiga magoti matopeni nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Ijumaa
Watoto wote wamechanjwa. Umwali alipiga kelele hadi ng'ombe wakageuka. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo. Beji iko shingoni mwa Séraphin, na mimi ndiye niliyemsalimu wa kwanza. Lori limeondoka.
Chanjo zilizobaki, Luteni amemwachia Mama Joséphine-Marie pamoja na friji ndogo ya umeme wa jua. Nimepita pale jioni, kusalimia tu. Nikapeleka kiganja nyuma ya friji hiyo. Loo! Ndogo vile, nayo inapumua joto!
Kosa langu nimelielewa sasa. Mablanketi mawili yalikuwa mengi. Kesho naenda na moja.